Tuliyoyaona Msomera na Tuliyoyasikia Loliondo



Mwezi Juni 2022 sisi watu wa Handeni tulipokea wageni ambao habari zao zilienea duniani kabla wao wenyewe hawajatufikia. Katika kijiji cha Msomera malori yalishusha vitanda, masanduku na mifugo. Akina mama waliteremka mabasini na watoto mgongoni, wakazitazama nyumba mpya walizojengewa na serikali. Tuliona waliotabasamu, na tuliona walionyamaza. Jioni tulipofungua idhaa za nje, tulikuta safari ileile ikisimuliwa kwa namna iliyotufanya tutazamane.

Turejee mambo yalivyokuwa. Mapema mwezi huo, kule Loliondo, serikali ilikuwa ikiweka vigingi vya mipaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500. Tarehe 10 Juni yalizuka mapambano baina ya askari na wananchi wa Kimasai. Askari mmoja aliuawa kwa mshale. Raia walijeruhiwa kwa risasi, na wengine wakavuka mpaka kwenda Kenya. Waliokuja Msomera walitoka kwingine, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo tangu 1959 ilitengwa ili watu na wanyamapori waishi pamoja. Mambo hayo mawili yamo katika wilaya moja, lakini si jambo moja. Hata hivyo, katika taarifa nyingi za nje tulizozisoma yalichanganywa, hata ikaonekana kana kwamba aliyepigwa risasi Loliondo ndiye aliyeshushwa Msomera.

Kosa la pili lilituuma zaidi. Msomera ilitajwa kana kwamba ni pori tupu. Serikali ilieleza kuwa kila kaya itapata nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja cha ekari mbili na nusu na shamba la ekari tano. Lakini ekari hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Palikuwa na watu, wakulima na wafugaji, Wamasai wenzao wakiwamo, na wapo waliolalamika kuwa ardhi waliyoitegemea imegawiwa wengine. Ugomvi wao haukuwa na moshi wala milio ya bunduki, basi mpiga picha hakuuona. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini uadilifu unatutaka tujitazame na sisi. Kwetu, habari za nyumbani zilituonyesha sherehe za mapokezi peke yake, na viongozi wakatuambia kuwa baadhi ya picha za Loliondo si za kweli. Wengi wetu tuliridhika. Tena taarifa za nje zilipotaja kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu, wapo miongoni mwetu waliosema, "Hizi ni chuki dhidi ya Waarabu na Waislamu," wakafunga masikio. Hawakuuliza kama majeruhi yupo au hayupo. Je, jeraha la jirani hupona kwa kuwa aliyelitangaza hatupendi?

Suratul Hujurat, katika aya ya sita, inatuamrisha kuipeleleza habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie haki hata kama ushahidi unatugeukia sisi wenyewe au jamaa zetu. Amri hizo hazikubagua habari ya kigeni na ya nyumbani. Maulamaa wa hadithi waliuliza kila mpokezi amesikia kwa nani, na hawakumsamehe swali hilo mtu kwa kuwa ni wa mji wao.

Nasi tujiulize: wakati mgeni alipotusimulia vibaya, sisi tulisimulia nini? Julai 2024 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu uhamishaji huo, na humo malalamiko ya wenyeji wa Msomera yalikuwamo. Wenyeji walipoulizwa walisema, na neno lao likafika. Sisi majirani zao, tunaokutana nao sokoni na kuswali nao safu moja, hatukuwa tumewauliza. Basi tunapolaumu kwamba wa mbali hakuona, tukumbuke kuwa wa karibu aliona akanyamaza, na kuficha ushahidi ni dhambi.

Wazazi, somo hili lianzie sebuleni. Mtoto anapoleta habari kutoka shuleni au katika simu, tumzoeze kutenganisha maneno matatu: nimeona, nimeambiwa, nadhani. Nasi wakubwa tuanze. Kuhusu Msomera tunaweza kusema tumeona. Kuhusu Loliondo tuseme tumeambiwa, tena na pande zaidi ya moja. Kuhusu yaliyomo nyoyoni mwa waliohama, nani alihama kwa ridhaa na nani kwa kukosa la kufanya, tusidhani; twende tukawaulize, maana sasa ni jirani zetu, na jirani ana haki yake.

Allah atujaalie ndimi zenye kusema kweli na masikio yenye kumsikiliza aliyedhulumiwa, awe nani na atangazwe na nani. Aamin.