Usiambatishe video kwenye barua pepe ya biashara

Wafanyabiashara wa Migori na Homa Bay, video inauza. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, zinamvutia mgeni zaidi akiziona kuliko akizisoma. Hata nyumba ya wageni kisiwani Rusinga ni hivyo hivyo. Ninachopinga ni kuiambatisha video kwenye barua pepe.

Sababu ni hii. Kabla ya kusafiri, kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi: kila baiti 3 huwa herufi 4. Kwa hiyo video ya MB 15 inasafiri ikiwa kama MB 20. Akiifungua kwa simu, nani analipa? Mteja, kwa bandoli zake. Na ukiipachika ndani ya barua yenyewe, Gmail haitaicheza.

Fanya hivi: chukua picha moja nzuri kutoka kwenye video, weka juu yake ile pembetatu ya kuchezesha, kisha iunganishe na video yako iliyoko YouTube, ambako ubora hushuka wenyewe mtandao ukiwa hafifu. Andika na urefu wake. Anayetaka atabofya, asiyetaka hajapoteza kitu.

Tena, usiokote anwani za watu ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aridhie kabla hujatumia taarifa zake kibiashara.

Mteja huombwa, hatozwi ili aone tangazo lako. Au wewe waonaje?