Mwalimu Aletwe Studio, Hoteli Ibaki na Watalii

Wasee, leo sina utani. Kama umekuja kucheka, video ya jana iko hapo chini, rudi huko. Leo naongea na wakubwa wa redio na magazeti hapa Kisumu, na wafadhili wao, halafu nikimaliza nawageukia nyinyi na mimi mwenyewe.

Swali ni moja tu: kwani mafunzo ya waandishi wa habari lazima yafanyike hotelini?

Mnajua vile huwa. Ukumbi wa hoteli, maji ya chupa kwa kila meza, bango la mradi ukutani, kalamu na daftari mpya. Siku tatu za slaidi kuhusu maadili. Chai saa nne, picha ya pamoja, cheti, posho, kwaheri. Jumatatu mwandishi anarudi studio: prodyusa hayuko, simu za wasikilizaji zinalia, taarifa ya saa moja imebaki dakika sita. Zile slaidi ziko wapi? Ziko kwa begi.

Wacha niwaambie nimeyajulia wapi. Kabla niache chuo nilikuwa intani kwa kituo kimoja cha redio, sitakitaja. Kazi yangu ilikuwa kuleta chai, kubeba rikoda, na kugeuza ujumbe wa WhatsApp kuwa habari. Jioni moja ujumbe ukaingia: boti ya wavuvi imepinduka ziwani, watu wanne wamekufa, na jina la mmoja wao hili hapa. Nikaandika. Ikasomwa hewani. Hakuna mtu aliniuliza nimeitoa wapi.

Aliyekufa alikuwa mmoja. Na yule tuliyemtaja jina alikuwa ameokolewa na boti nyingine, yuko ufuoni anakausha nguo. Mama yake alisikia kwa redio akiwa sokoni, akaanguka palepale kando ya omena zake. Dada yake ndiye alipiga simu studio, na mimi ndiye nilipokea. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Ni nani aliwaambia?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Na mhariri wa zamu alikuwa wapi? Alikuwa semina. Ya maadili.

Wiki iliyofuata mzee mmoja wa pale, mhariri wa miaka mingi, alivuta kiti akakaa kando yangu. Hakuleta slaidi. Alisema, "Kila jina, watu wawili. Kila idadi, tafuta mtu aliyehesabu." Halafu akanifanya nipige simu mwenyewe: kwanza mwenyekiti wa BMU ya ufuo husika, kisha polisi, kisha familia. Nikikosea swali, ananigusa mkono, ananiandikia lingine kwa karatasi. Siku tano hivyo. Kila kitu ninachojua kuhusu habari nilikipata kwa kile kiti.

Hayo ndiyo mafunzo ninayoyataka. Mwalimu aje kwa meza, habari ikiwa moto, saa ikikimbia.

Si kitu kipya. Hilary Ng'weno alisomea fizikia Harvard, si uanahabari. Aliingia Nation kama ripota, na 1964 akawa mhariri mkuu, Mwafrika wa kwanza kwa kiti hicho. Mwaka wa 1975 akaanzisha The Weekly Review. Ufundi wake ulitoka kazini. Sisemi shule haina maana, mimi mwenyewe chuo kilinishinda na sijivunii. Nasema shule haimalizi kazi.

Mkiona nakuza mambo, kumbukeni 2007. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, nchi ikiwaka. Baadaye Tume ya Waki ikazitaja redio za lugha za kienyeji kati ya waliochochea chuki. Redio nyingi zilikuwa na watangazaji waliochukuliwa kwa sababu ya sauti tamu na ucheshi. Sasa msikilizaji anapiga simu, anaanza kutukana kabila lingine hewani. Unafanya nini kwa zile sekunde tatu? Hilo huwezi kufunzwa na slaidi. Unalifunzwa na mtu aliyekaa kando yako, mkono wake karibu na kitufe.

Au chukua ziwa letu. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi hapa Ghuba ya Winam. Wengine wakalia uchafu na sumu, watafiti wa KMFRI wakasema oksijeni ilipungua majini. Ripota anayejua kazi anauliza: mlipima saa ngapi, kina gani, vizimba vingapi? Asiyejua anabeba neno la aliyempigia kelele zaidi. Mwenye vizimba amepoteza mkopo mzima, mama wa sokoni hajui kama samaki wa leo analiwa. Mwalimu wa ripota huyo alipaswa kuwa naye pale ufuoni, buti zikiwa na matope.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Newsroom ina kelele, watu hawawezi kusoma." Buda, kelele ndiyo kazi yenyewe. Hakuna anayefunzwa kuogelea juu ya kitanda.

La pili ni la wenye vituo: "Nikimfunza, Nairobi watamchukua." Anaenda kwa sababu unamlipa kwa habari moja moja, na nauli na krediti ni zake. Na mafunzo ya kazini hayaondoki yote na mtu mmoja. Yakishakuwa desturi ya meza, hata intani wa kesho atayakuta.

La tatu ni la waandishi wenyewe, na hilo naliheshimu: posho. Stringa anayelipwa kwa kila habari, posho ya siku tatu inaweza kuwa kodi ya nyumba. Siwalaumu. Basi hiyo pesa ya ukumbi na buffet mpeni akiwa kazini, mlipe zile simu za kuhakikisha, mlipe nauli ya kufika Usenge au Mbita kuona kwa macho yake.

Sasa sisi wenye simu. Tunapenda kusema media ya zamani imekufa, sisi ndio habari. Aki tuache. Redio ilikosea jina moja kwa sababu hakuna aliyeuliza. Sisi hatuna hata wa kutuuliza. Ajali ikitokea Kondele, video iko TikTok kabla familia haijajua, na tunahesabu likes. Nimefanya hivyo pia. Nilifuta, lakini kufuta si kuomba msamaha.

Kwa hivyo nataka hivi. Mradi ukija na pesa za mafunzo, mwalimu mmoja akae kwa kituo kimoja mwezi mzima, zamu ya usiku ikiwemo. Kila jioni taarifa ya siku isikilizwe tena, watu wakiwa wote, waulizane nani alihesabu. Na alasiri moja kwa wiki mlango ufunguliwe kwa sisi wa mitandaoni, tukae nyuma, tunyamaze, tujifunze. Nitakuwa wa kwanza kufika, na chai nitanunua mimi.

Mfadhili akiuliza picha ya pamoja iko wapi, mwambieni hakuna. Aulize ni majina mangapi yaliyosomwa bila watu wawili kuyathibitisha.

Mimi nina moja. Dada yake bado anangoja jibu.