Mkunazi wa Uani Usikatwe



Mwaka juzi mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Mwanza alinijia chuoni akitaka kijana wa kumkatia mkunazi ulio nyuma ya nyumba yake. Akasema, "Maalim, wajukuu wachomwa miiba bure, na kunazi zenyewe ni ndogo, chachu, kokwa tupu." Nikamwuliza: Juzi alipofariki jirani yetu, majani ya kumwoshea yalitoka wapi? Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Yalitoka kwangu."

Mtume (s.a.w.) alipofiwa na binti yake, aliwaagiza wanawake waliomwosha watumie maji na majani ya mkunazi, na josho la mwisho watie kafuri. Majani hayo yakikaushwa na kutwangwa hutoa povu mfano wa sabuni. Si sharti, asiyeyapata na aoshe kwa maji na sabuni, wala maiti asicheleweshwe kwa kuyatafuta mji mzima, jambo nililoliona kwa macho yangu. Lakini aliye nayo uani kwake, ya nini kuutia mti shoka?

Iko Hadithi katika kitabu cha Abu Daud yenye onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi. Abu Daud mwenyewe aliieleza kuwa ni mkunazi wa nyikani, unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, ukikatwa kwa dhuluma. Mzee wetu hakuwamo katika onyo hilo, nami sikumtisha kwalo. Nilimwomba tuubebeshe.

Mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, tuliukata mti ukabaki kisiki cha kimo cha goti. Mvua ziliposhuka ukatoa machipukizi mengi. Tukaacha mawili yenye nguvu. Yalipofikia unene wa kalamu ya risasi, nilikwenda Igoma kwa ndugu mmoja mwenye mkunazi wa kunazi kubwa, tamu, nikapewa kijiti. Katika kijiti hicho hutolewa jicho, yaani kile kichipukizi kilicholala penye kikwapa cha jani, pamoja na ganda lake dogo. Chipukizi la kisiki hupasuliwa ganda kwa umbo la herufi T, ganda likainuliwa taratibu, jicho likatiwa ndani likielekea juu, kisha hufungwa kwa utepe wa nailoni, jicho lenyewe likiachwa wazi. Ganda lisipoinuka kwa wepesi, mti hauna maji ya kutosha, ngoja. Mimi sikungoja mara ya kwanza, na macho yote matano niliyoyatia yalikauka.

Baada ya wiki tatu jicho likiwa bado bichi, fungua utepe, ukate chipukizi juu yake. Kila kinachoota chini yake king'olewe, maana huo ni mkunazi ule ule mchachu unaotaka kurudi.

Kijana mmoja wa darasa la jioni aliniuliza: Je, huku si kubadili maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu? Nilimkumbusha habari ya watu wa Madina na mitende yao. Waliacha kuitia chavua kwa maneno ya Mtume (s.a.w.), mazao yakapungua, naye akawaambia kuwa mambo ya dunia yao wanayajua wao zaidi. Na huko Bara Hindi aina kama Gola na Umran huzidishwa kwa njia hii hii, maana mbegu ya kunazi tamu haiahidi mti mtamu.

Mti wa mzee umezaa mwaka huu. Miiba haikwisha, mikunazi isiyo na miiba imetajwa katika Suratul Waqia kuwa ni ya Peponi. Kwa kuwa kunazi huzaliwa katika matawi mapya, mti hupogolewa kila mwaka baada ya mavuno, na majani ya matawi hayo wajukuu huyaanika kivulini. Kifurushi cha kwanza kimekwisha fika msikitini, kabatini, karibu na sanda.