Gita la Mono na Gita la Sterio: Lipi Lifaalo Harusini?

Kuna mjadala ulioingia katika vikundi vyetu vya muziki hapa Pwani, nao ukiusikia juu juu utaudhani ni wa mafundi wa stima peke yao. Vijana wapigao gita wamegawanyika mapote mawili. Wako wasemao kwamba gita la siku hizi sharti lipigwe kwa sterio, yaani sauti itoke kulia na kushoto, kila upande na chake. Na wako washikiliao mono, yaani sauti moja iliyo sawa kila upande. Mimi si fundi wa mitambo. Mimi ni mtunga mashairi, na maneno yangu huimbwa. Lakini neno lililotungwa hupita katika nyaya kabla ya kumfikia msikilizaji, kwa hivyo nami nina haki ya kusema katika shauri hili.

Kwanza tufahamu chanzo chake. Zamani mpiga gita alikuja na amplifaya yake, sanduku zito lenye spika ndani, na watu walipata sauti kutoka pale alipoketi. Leo waja na kisanduku cha kutiwa mkobani ambacho, kwa hesabu za kompyuta, huiga sauti ya amplifaya mashuhuri, spika zake, hata kipaza sauti kilichowekwa mbele yake. Kampuni ya Line 6 ya California ilitoa kisanduku chake kiitwacho POD mwaka wa 1998. Fractal Audio wakafuata na Axe-Fx mwaka wa 2006, Wajerumani wakaleta Kemper mwaka wa 2011, na Line 6 wenyewe wakarudi na Helix mwaka wa 2015. Siwalaumu vijana kwa kuvipenda vitu hivi. Mgongo hupumzika, na waya huchomekwa moja kwa moja katika mitambo ya ukumbi.

Sasa, amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na mdomo mmoja. Chache zilitoka katika desturi hiyo, kama Roland JC-120 ya Japani ya mwaka wa 1975, iliyofanya sauti iyumbe baina ya spika mbili. Lakini visanduku vya leo karibu vyote vina matundu mawili ya kutolea sauti. Kijana hukaa chumbani usiku, amevaa vifaa vya masikioni, akasikia mwangwi ukiruka kutoka sikio hili hadi lile, gita limemzunguka kama ukuta. Hupendezwa, na ni haki yake kupendezwa. Kesho yake sauti ile ile huipeleka harusini. Hapo ndipo taabu ianzapo.

Sterio yenyewe si upuuzi. Mwenyezi Mungu ametujaalia masikio mawili, nayo hufanya kazi pamoja kutuonyesha sauti yatoka wapi. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, aliandikisha uvumbuzi wake wa sterio mwaka wa 1931, na mwaka wa 1958 santuri za sterio zikaenea madukani huko Uingereza na Marekani. Hata hivyo mono haikufa siku ile. Beatles walipotoa Sgt. Pepper mwaka wa 1967, walikaa na mafundi kuikamilisha ile ya mono, na ya sterio wakawaachia mafundi. Basi asidhani mtu kwamba mono ni ushamba.

Lakini sterio ina sharti moja: msikilizaji akae katikati, spika hii na ile zimwelekee sawasawa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliye karibu na spika ya kushoto kwa mita 10 zaidi kuliko ya kulia, ile ya kushoto humfikia mapema kwa karibu sehemu 30 za elfu za sekunde. Ni muda mchache mno, lakini sikio halidanganyiki. Mjerumani Helmut Haas alieleza mwaka wa 1949 kwamba sikio huifuata sauti iliyotangulia kufika, na kuhesabu kwamba yote yatoka huko. Kwa hivyo katika ukumbi wa watu mia tatu, sterio ile ya chumbani waipata watu wachache waliobahatika kukaa kati kati. Waliobaki husikia upande mmoja.

Na harusi zetu zina jambo jingine, ambalo waliotengeneza visanduku hivi hawakulifikiria. Sisi wanaume huketi mbali na wake zetu. Akina mama wako ndani ukumbini na wanaume wako nje chini ya turubai. Mara nyingi fundi huelekeza spika moja ndani na nyingine nje. Katika mono hapana neno, kila mtu hupata wimbo mzima. Katika sterio, wimbo mmoja hugawanywa kama mirathi! Nimeketi mimi chini ya turubai la namna hiyo, nikamsikia mwimbaji akiuliza, nikangoja gita limjibu kama ilivyo ada, lisijibu. Kumbe lajibu ndani, kwa akina mama. Na wao, nilivyoambiwa baadaye, walisikia mwangwi tu wa vipande ambavyo sisi tulivipata vizima. Mwenye harusi alilipa ujira wa kikundi kizima, na kila upande wa wageni wake ukapewa nusu.

Haya si mambo madogo kwa anayeijua taarabu. Wimbo wa taarabu ni majibizano. Mshororo husemwa, ala ikajibu, na katika jibu lile msikilizaji hupata nafasi ya kulitafuna fumbo. Ukiliondoa jibu, fumbo lapita bila kufahamika, na mtunzi amefanya kazi ya bure.

Wengine hudhani dawa ni kuziunganisha tu pande mbili ziwe moja pale kwenye mashine ya fundi. Hapo pia pana mtego. Sisi watu wa bahari twayajua mawimbi: likipanda moja na jingine likashuka mahali pamoja, maji hutulia. Sauti nayo ni mawimbi. Visanduku hivi hupanua gita kwa kuuchelewesha upande mmoja kidogo. Tuseme umecheleweshwa kwa sehemu 10 za elfu za sekunde. Ukizijumlisha pande hizo mbili zikiwa na nguvu sawa, mitetemo ya 50, 150, 250 kwa sekunde, na kuendelea hivyo kila baada ya 100, hufutana. Gita huwa jembamba, kama lapigwa ndani ya bomba la maji. Mpigaji hushangaa, akaongeza sauti, na anayeumia ni mwimbaji.

Wenzetu wa sterio wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wasema kwamba katika mono gita, kinanda na sauti ya mwimbaji husongamana mahali pamoja, lakini katika sterio kila mmoja hupata kiti chake na maneno husikika vizuri. Ni kweli kwa aliyekaa katikati. Lakini dawa ya msongamano ni adabu. Gita linyamaze mwimbaji anapoimba, liseme anapovuta pumzi. Santuri nyingi za taarabu za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa za mono, na tarabizuna, fidla na ngoma zote zilisikika, kwa sababu kila mpigaji alijua zamu yake.

Kwa maoni yangu, basi, kila jambo na mahali pake. Nyumbani na katika studio, tumieni sterio mpendavyo. Harusini na katika kumbi pigeni mono, tena muitengeneze mono tangu mwanzo ndani ya kisanduku, msingoje kumwachia fundi. Visanduku vingi vina tundu la kushoto lililoandikwa Mono. Waya mmoja ukiingia hapo peke yake, kisanduku hujumlisha chenyewe. Lakini ondoeni kwanza ule ucheleweshaji wa upande mmoja, maana kujumlisha hakuondoi mtego niliousema. Na hata mnaporekodi kwa sterio, usikilizeni wimbo kwa mono kabla ya kuutoa. Redio ndogo ya jikoni ina spika moja, na simu nyingi ambazo nyimbo husikilizwa leo ni hivyo hivyo. Gita linalofutika katika mono litafutika katika nyumba nyingi.

Nanyi wenye harusi, mnapopatana bei na kikundi, ulizeni pia: wageni wangu walio ndani na walio nje, watasikia wimbo mmoja? Swali hilo halina gharama, na wageni wote ni wenu.