Ajali Haina Kinga, Balozi Anayo

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Nadhani wahenga hao hawakuwa wameliona gari la ubalozi. Siku hizi wako watu ambao ajali yao ina kinga, tena kinga iliyoandikwa katika sheria. Jambo hilo ndilo nataka tuliangalie, wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, kwa maana sisi wa Turkana tunaishi kando ya barabara yenye magari mengi ya wageni.

Hebu simama kando ya barabara hapa Lodwar asubuhi uhesabu. Matatu moja, bodaboda tano, halafu gari jeupe. Lori la changarawe, kisha gari jeupe tena. Yanakwenda Kakuma, safari ya kilomita kama 120, na mengine yanapitiliza hadi Lokichoggio. Ni hivyo tangu mwaka 1992, kambi ilipofunguliwa kwa ajili ya wale vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, na yaliongezeka makazi ya Kalobeyei yalipoanzishwa mwaka 2016. Sisemi magari hayo yana ubaya. Yanabeba dawa, yanabeba walimu, na wengine wetu tunalipiwa karo na mzazi anayeyaendesha. Lakini gari ni gari. Linagonga mbuzi, na siku nyingine linagonga mtu.

Linapogonga mtu, utasikia watu wakisema, "Achana nayo, hiyo ni ya UN, haishtakiwi." Basi shauri linaishia hapo hapo, damu ikiwa bado haijakauka kwenye lami. Je, ni kweli haishtakiwi?

Nianze na Nairobi, maana huko mambo yalitokea wazi na magazeti yakaandika. Mwaka 2013 afisa wa ubalozi wa Marekani aligongana na matatu iliyojaa abiria. Polisi walisema alikuwa akienda kasi na akavuka hadi upande usio wake. Baba mmoja wa watoto watatu alikufa, mkewe akiwa na mimba ya miezi sita, na abiria wengine wakaumia. Kesho yake ubalozi ulimpandisha ndege yule afisa pamoja na jamaa yake, wakaenda zao. Ubalozi ulitoa rambirambi. Lakini rambirambi hainunui jeneza, na habari zilizoandikwa wakati huo zilisema kwamba familia iliachwa bila hata msaada wa mazishi. Hebu fikiri wewe ndiwe yule mtoto aliyezaliwa miezi mitatu baadaye. Ukiuliza ni nani aliyemuua baba, utaambiwa jina. Ukiuliza alihukumiwa wapi, utaambiwa nini?

Sasa, kwenye mjadala wa chama muhula uliopita, upande wa upinzani ulituuliza: na balozi wa Kenya huko ng'ambo akisingiziwa kosa na serikali isiyotupenda, je? Swali zuri, na halifai kupuuzwa. Mwaka 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulivamiwa, na watu 52 wakazuiliwa kwa siku 444. Mjumbe hauawi, ndivyo tunavyosema hata sisi, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unasema vivyo hivyo kwa maneno marefu. Kenya imeuingiza mkataba huo katika sheria zake kwa Sheria ya Mapendeleo na Kinga, Sura ya 179, ya mwaka 1970. Kwa hiyo mimi siitaki kinga ifutwe. Ikifutwa, wa kwanza kuumia watakuwa wajumbe wa nchi ndogo kama yetu.

Lakini someni mkataba wenyewe mpaka mwisho! Kifungu cha 31 kinampa mjumbe kinga ya mahakama. Watu wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Kifungu cha 32, kinachofuata papo hapo, kinasema nchi iliyomtuma yaweza kuiondoa kinga hiyo. Yaani kinga si mali ya mtu aliyekaa kwenye usukani. Ni mali ya serikali yake, naye ameazimwa tu. Na kile cha 31 chenyewe kinaongeza kwamba kinga ya ugenini haimwokoi na mahakama za kwao. Kwa hiyo serikali ikimrudisha mtu wake nyumbani halafu ikanyamaza, imechagua kunyamaza. Hakuna mkataba ulioilazimisha.

Tena wapo waliochagua vingine. Januari 1997 mwanadiplomasia wa Georgia (ile nchi ya milima ya Kaukasi, si lile jimbo la Marekani) aliendesha gari akiwa amelewa mjini Washington, akamuua msichana wa miaka 16. Nchi yake ilikuwa maskini na changa, nayo ikaiondoa kinga. Mtu huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 7 hadi 21. Na hapa kwetu, ingawa hiyo haikuwa ajali bali mauaji, kaimu balozi wa Venezuela alipouawa Nairobi mwaka 2012, Venezuela ilimwondolea kinga afisa wake aliyeshukiwa, naye akashtakiwa mbele ya mahakama ya Kenya na kutiwa hatiani mwaka 2023. Mbona basi iwezekane kwa hao, na isiwezekane kwa wakubwa?

Wakubwa wenyewe kwa wenyewe nao wanaumizana. Agosti 2019 kijana Mwingereza wa miaka 19, Harry Dunn, alikuwa juu ya pikipiki yake alipogongwa na gari lililokuwa upande usio wake wa barabara. Dereva alikuwa Mmarekani, mke wa mtu aliyefanya kazi kwenye kituo cha kijeshi karibu na hapo. Akaondoka Uingereza kwa kutumia kinga. Wazazi wa kijana hawakukubali. Walipiga kelele mpaka wakafika ikulu ya Marekani. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Desemba 2022 mama huyo alipewa kifungo cha miezi 8 kilichoahirishwa, bila kukanyaga mahakama ya London, akihudhuria kwa video kutoka kwao. Adhabu ndogo, ndiyo. Lakini alisimama akakiri kosa, na jambo likaandikwa. Mjane wa Nairobi hakupata hata hilo.

Huku kwetu wafugaji, mtu akimuua mwenzake bila kukusudia, wazee huketi chini ya mti. Hawamwiti aliyeua peke yake, huita ukoo wake. Mifugo hutoka kwa ndugu, kwa baba wadogo, hata kwa wajomba walioko mbali malishoni. Kwa nini? Kwa sababu ukoo uleule unaomkinga asilipiziwe kisasi ndio unaobeba deni lake. Huwezi kumficha mtu nyuma ya ngao yako halafu useme ngamia si shauri lako. Balozi nyingi zimejifunza nusu ya mila hii, ile nusu ya ngao. Mimi binafsi sidai kila mgeni aliyesababisha ajali afungwe. Nadai ukoo wake uje chini ya mti: ulipe hospitali, ulipe mazishi, usomeshe watoto, na kama kuna kosa la jinai, likasikizwe, kama si Milimani basi kwao.

Turudi Kakuma sasa. Umoja wa Mataifa una mkataba wake, wa mwaka 1946. Kinga ya wafanyakazi wake wengi ni ya yale wanayoyasema na kuyatenda wakiwa kazini rasmi, wala si ya kila kitu maishani. Mkataba huo unasema Katibu Mkuu ana haki na pia wajibu wa kuiondoa kinga pale itakapozuia haki kutendeka, mradi maslahi ya Umoja yasidhurike. Wajibu, jamani! Na kuna jambo lililonishangaza zaidi. Mwaka huohuo wa 1946, Baraza Kuu lilipokutana kwa mara ya kwanza kule London, liliona mapema kwamba ajali za barabarani zitaleta ugomvi juu ya kinga. Likamwagiza Katibu Mkuu ahakikishe kwamba madereva wa magari yote rasmi wana bima ya kuwalipa watu wengine watakaoumia. Kambi ya Kakuma ilikuwa bado miaka 46 mbele. Kwa hiyo anayewaambia wazee wetu kwamba gari la UN likigonga hakuna malipo hajasoma agizo la wenyewe.

Kuna kosa jingine, na hili ni letu. Tunadhani kila gari jeupe lenye nembo mlangoni ni la UN. Hapana! Mengi ni ya mashirika yasiyo ya kiserikali, na shirika la namna hiyo halina kinga yoyote ila likiwa limetangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali chini ya ile Sura ya 179. Nembo si kinga. Bendera si kinga. Kaka ya rafiki yangu aligongwa akisukuma mkokoteni wa maji, mguu ukavunjika mara mbili. Walioshuka garini walimpeleka hospitali, wakaacha unga na pesa kidogo, na mtu mmoja akamnong'oneza mzee kwamba magari hayo hayashtakiwi. Mzee akaamini. Hakuenda kituoni, hakuchukua nambari ya OB, hakuomba abstrakti ya polisi wala fomu ya P3. Kumbe gari lilikuwa na namba za kawaida kama za matatu, na stika ya bima ilikuwa pale pale kwenye kioo cha mbele! Sheria ya Kenya inampa mtu miaka mitatu kufungua kesi ya namna hiyo. Yake imebaki michache ya miezi, na ninapoandika haya mzee yuko Lokitaung na mbuzi zake, simu haipatikani.

Chama chetu kimeandika barua mbili, mwalimu mlezi akazisahihisha. Ya kwanza imekwenda kwa Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, kuuliza ni mara ngapi Kenya imeiomba nchi nyingine iondoe kinga kwa ajili ya ajali ya barabarani, na ilijibiwa nini. Ya pili imepelekwa kwa mkono kwenye ofisi za mashirika yaliyoko Kakuma, kuomba kila moja libandike langoni, kwa Kiswahili na Kiturkana, jina la kampuni yake ya bima na mahali pa kupeleka madai. Ofisi moja imekwisha kubandika. Nyingine tunazingojea.