Kijana anapochagua duara

Kijana wa vijijini Shinyanga, pamba ikiwa haikumlipa, akifunga safari kwenda Kahama, Nyarugusu au machimbo mengine ya Geita, aghalabu huuliza swali moja tu kuhusu mahali anapokwenda kufanya kazi: je, panatoa? Ni swali la haki, maana hakuna anayemwacha mke na watoto ili akapasue mawe matupu. Tunachosema sisi ni kwamba swali hilo halitoshi, na kuridhika nalo kumekwisha kutugharimu watu.

Ndugu msomaji atakumbuka tukio la Nyangalata, wilayani Kahama. Mnamo Oktoba 2015 duara liliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa kula wadudu na vyura. Watu wakasema ni muujiza, nasi tukamshukuru Mola. Lakini Agosti 2025, katika mgodi wa Chapakazi, kijiji cha Nyandolwa, Shinyanga, watu 25 walifukiwa, na waliotoka hai walikuwa wachache mno. Misiba ya namna hii inapotufika, neno linalotangulia vinywani mwetu ni kudra.

Hatuikatai kudra, ni nguzo ya imani. Tunachokataa ni kuitumia kufunika matimba yaliyooza. Khalifa Umar bin Khattab (R.A.), akiwa njiani kwenda Sham, alipata habari kwamba huko kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamhoji iwapo anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba wanaikimbia kudra yake kuelekea kudra yake, kisha akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyefika katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine ni mkavu: popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa kudra. Mfugaji wa Kisukuma hahitaji ufafanuzi wa maneno hayo. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo humtafutia ng'ombe wake malisho mema, lakini nafsi yake huishusha katika shimo asilolikagua.

Basi na alikague. Matimba yanayozuia kuta ni mazima au yameliwa na mchwa? Hewa inapelekwa chini kwa mashine? Maji yanavutwa? Baruti ikishalipuliwa, watu husubiri moshi utoke au huyakimbilia mawe? Iko njia ya pili ya kutokea? Mwenye duara akikasirishwa na maswali haya, jibu limekwisha kupatikana.

Liko jambo jingine lisiloonekana kwa macho, nalo kwa maoni yetu ndilo zito zaidi: namna ya malipo. Katika maduara mengi mchimbaji hana mshahara. Hulishwa na mwenye duara au mfadhili wake, na mawe yakipatikana hugawanywa kwa mifuko, baada ya mwenye leseni na wakubwa wengine kuchukua vyao. Yasipopatikana, mtu amefanya kazi miezi kadhaa kwa ugali tu. Huyu atathubutu vipi kusema kwamba leo ukuta una ufa, tusishuke? Akiondoka kabla ya mgao, jasho lote la nyuma limepotea. Mapatano yenyewe ndiyo yanayomsukuma shimoni. Wanazuoni wa fiqhi wameshurutisha ujira ujulikane. Kwa hiyo kijana autaje mgao wake mbele ya mashahidi kabla ya kushuka, na aulize waziwazi kama fungu lake litabaki akiugua, au akikataa kuingia penye hatari.

Juu ya ardhi nako kuna yake. Vumbi la karasha huharibu mapafu. Zebaki huchomwa hata jikoni, watoto wakiwa kando, na mvuke wake hudhuru neva na figo, na zaidi humdhuru mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mialoni ingali ikitumika. Kipo chombo cha chuma kinachofungwa na kuunasa mvuke huo ukarudi kuwa zebaki. Mwalo wenye chombo hicho ni bora kuliko usio nacho. Tena hata kwa hesabu ya faida, zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu katika marudio, ambayo mchimbaji huyauza kwa bei ndogo kwa wenye mitambo ya sayanaidi, nao wakaitoa. Yeye amebaki na sumu.

Tumesema na kijana, lakini mwenye njaa hana uchaguzi mpana, nasi tunalijua hilo. Wenye maduara ndio wanaoweza. Baadhi yao huswali safu ya mbele kila Ijumaa, na michango yao misikitini ni mikubwa. Maimamu wa Kahama na Geita wanapoletewa fedha ya zulia jipya, tungependa wamuulize mletaji, kwa upole na faraghani, matimba ya duara lake yalibadilishwa lini. Kama ni ya zamani, zulia lingoje.