Bima ya matatu: Mzigo wamrudia mwathiriwa

SHERIA ya bima ya magari, Sura ya 405, yamlazimu kila mwenye gari kulipia bima ya kuwafidia watu wanaojeruhiwa au kuuawa barabarani. Matatu hutozwa ada ya juu kuliko magari ya kibinafsi, kwani hubeba abiria wengi mchana kutwa.

Hata hivyo, kampuni zilizojitosa katika biashara hiyo zimelemewa moja baada ya nyingine: United mwaka wa 2005, Blue Shield 2011, Xplico 2023 na Invesco 2024. Ada inayopunguzwa ili kuvutia wateja haiwezi kugharamia madai yanayorundikana mahakamani, mengine yakiwa ya ulaghai.

Kampuni inapofungwa, hazina ya kuwafidia wenye bima hulipa kila dai kwa kiwango kisichozidi Sh250,000, ilhali kikomo cha fidia ya bima kwa mwathiriwa mmoja ni Sh3 milioni. Salio humwandama mwenye matatu, na asipokuwa na mali, majeruhi huambulia patupu.

Wadhibiti hawana budi kuzuia ada zisizotosha mapema, wala si kungoja majeruhi washinde kesi. Cheti cha bima kisicho na fedha nyuma yake hakimtibu aliyevunjika mguu.